Ufadhili kwa "walioachwa nyuma": fomu inampima nani?

Ukisoma matangazo ya ufadhili wa uzamili kwenye sayansi ya mazingira, kuna sentensi utaizoea: waombaji kutoka makundi yaliyoachwa nyuma wanahimizwa kuomba. DAAD huiandika kwenye ufadhili wao wa kusoma hapahapa Afrika, wakitaja wanawake na watu wa maeneo yenye fursa chache. Ni sentensi nzuri, sina ugomvi nayo. Shida iko kwenye masharti yanayofuata.

Mchukue kijana wa Igogwe, huku Rungwe, aliyekulia kwenye chai na migomba, akapita shule ya kata hadi shahada ya kwanza. Chevening wanataka saa 2,800 za uzoefu wa kazi. Kujitolea kunahesabika, sawa. Lakini we jiulize, miezi yote hiyo ya kujitolea nani anamlipia chumba na nauli? Chai ya mama yake ameichuma miaka, ila shambani hakuna meneja wa kumwandikia barua. Kisha zinakuja insha za Kiingereza, na hapo mwenzake wa Dar aliyeanza "inglishi midiam" tangu chekechea ameshatangulia mbali. Kwenye takwimu za mfadhili wote wawili ni "Mtanzania", basi.

Utasema, si ndio ushindani? Haya, ushindani wa kupima nini? Mwaka 2003 watafiti wa WCS waliokuwa wakihoji wawindaji wa Kinyakyusa kuhusu Mlima Rungwe walisikia habari za kima aitwaye kipunji. Wakamtafuta, wakamwona. Wenzao wengine nao wakamkuta Udzungwa, na 2005 jarida la Science likamtangaza kuwa spishi mpya. Mwaka uliofuata akapewa jenasi yake, Rungwecebus. Mpya kwa nani, wakati jina tayari alikuwa nalo? Kwenye waandishi wa makala ile ya 2005 wamo Watanzania, Noah Mpunga na Sophy Machaga, na hilo ni la kujivunia. Wawindaji wao wamebaki "wenyeji waliotoa taarifa".

Hesabu iliyochapishwa 2008 ilikadiria kipunji wako kama 1,100 tu. Mnyama akishakuwa adimu hivyo, kujua wanapita bonde gani na wanakula nini msimu wa mvua ni data, tena ghali kuipata kwa mgeni wa miezi mitatu. Mtoto wa jirani na msitu anaweza kuwa nayo kabla hajaingia chuo. Bado sijaona fomu inayomuuliza.

Mfadhili aliye makini angelipia mtihani wa Kiingereza kabla ya usaili, siyo kurudisha hela baadaye. Sehemu ya usaili ingefanyika kwa Kiswahili. Na barua ya kamati ya mazingira ya kijiji ingepokelewa kama barua ya mdhamini kamili. Najua kuna atakayesema barua ya kijiji ni rahisi kuipata kwa kujuana. Inawezekana. Na ile ya mhadhiri mwenye darasa la watu 400, anayekuambia uiandike mwenyewe yeye atie sahihi?