Robota Lisilofunguliwa

Mchuuzi wa mitumba hulilipia robota la kilo 45 bila kuona kilichomo. Akishakata mikanda ndipo anapojua kama amepata kamera, yaani nguo za daraja la kwanza, za kutosha, au amebeba fagia, yaani mabaki, tupu. Nguo iliyochanika Ulaya inakuwa hasara yake yeye.

The Nest Collective, kundi la wasanii wa Nairobi, waliijenga kazi yao "Return to Sender" (Rudisha kwa Mtumaji) juu ya robota hilo mwaka 2022, katika maonyesho ya documenta fifteen mjini Kassel, Ujerumani. Kwenye nyasi za bustani ya Karlsaue, mbele ya kasri la Orangerie, walipanga marobota ya nguo kuukuu kama matofali hadi yakawa kuta za banda. Ndani waliweka filamu.

Msanii mwingine angezimwaga nguo ziwe mlima. Picha za namna hiyo tumezichoka, maana kila mara kuna Mwafrika amesimama juu ya jalala. Nest waliliacha robota limefungwa, na uamuzi huo ndio uliobeba kazi nzima. Robota ndilo linalohesabiwa kwenye kontena na kupangiwa bei. Likigeuzwa tofali, mtazamaji anaingia ndani ya bidhaa yenyewe, imzunguke, huku akiwa kwao, katika bustani iliyofyekwa vizuri.

Filamu ni maneno mengi, lakini ilihitajika. Ukuta hauwezi kusimulia kwamba mwaka 2016 Jumuiya ya Afrika Mashariki iliazimia kuondoa mitumba, Marekani ikatishia kufunga soko lake lililo wazi bila ushuru chini ya mpango wa AGOA, Kenya ikarudi nyuma, na Rwanda iliyokaza ikapoteza nafasi hiyo kwa nguo zake mwaka 2018.

Hata hivyo, kutoka hapa Cheptiret, kwenye njia panda ya kwenda Chuo Kikuu cha Moi, naona ukuta mmoja umesahaulika. Chuo hicho kilinunua Rivatex, kiwanda cha nguo cha Eldoret kilichofilisika, mwaka 2007. Kikazinduliwa upya 2019. Aliyepoteza kazi kwenye mashine zake za kufuma na mama anayetandaza turubai la mitumba kando ya barabara ya Nakuru wanaweza kuwa wa boma moja. Marobota ya Kassel yanamshtaki mtumaji sawasawa. Huyu mama anayelipa karo kwa mzigo huohuo hayamtaji. Mwambie mzigo unarudishwa ulikotoka, naye atakuuliza kwanza kitambaa cha Rivatex ni bei gani kwa mita.