Msafiri Mwanafunzi na Miji Midogo ya Italia

Aghalabu mwanafunzi aliyekwenda kusoma Ulaya huandika barua nyumbani, na nyingi za barua hizo hufanana kama mapacha. Tutwae mfano wa mwanafunzi aliyeko Perugia, mji wa katikati ya Italia ambako wageni wamefundishwa Kiitaliano tangu miaka ya 1920. Jumamosi hupanda garimoshi kwenda Assisi. Juma lifuatalo huenda Spello. Mwezi ukiandama huenda Orvieto. Barua yake husema kwamba njia ni nyembamba, kuta ni za mawe, kanisa ni la kale, na chakula ni kitamu. Yote hayo ni kweli. Lakini ukilifuta jina la Spello na kuandika Orvieto mahali pake, barua haibadiliki hata kidogo. Maandishi ya safari yasiyoweza kuutenga mji mmoja na mwingine yana kasoro kubwa. Kasoro hiyo hutoka wapi? Vitabu viwili vya watu waliopita katika miji midogo ya Italia vyaweza kutuonyesha.

Cha kwanza ni cha Goethe, mshairi wa Kijerumani. Mwezi wa Septemba 1786 aliondoka Karlsbad kwa siri, akaelekea Italia akitumia jina lisilo lake. Alikuwa na umri wa miaka 37, tena mwenye cheo katika serikali ya Weimar, lakini alisafiri kama mwanafunzi: alichukua kitabu cha kumwongoza, alichora picha, aliokota mawe, na alichunguza mimea. Kitabu chake cha safari hiyo kilianza kupigwa chapa mwaka 1816, miaka thelathini baadaye.

Alipofika Assisi mwezi wa Oktoba alijua atakacho. Huko kuna kanisa kubwa la Mtakatifu Francis, lililoanza kujengwa mwaka 1228, ambalo kuta zake zimejaa picha zinazosifiwa duniani kote. Goethe hakuingia. Alilipa kisogo, akapanda mjini kutazama hekalu la Minerva lenye nguzo sita, lililojengwa na Warumi wa kale. Wahakiki wengi wamemlaumu kwa jambo hilo. Mimi simlaumu sana, maana mwenye swali moja hujifunza zaidi kuliko mwenye macho yanayotangatanga. Maelezo yake ya hekalu ni maelezo ya mtu aliyetazama kweli.

Hata hivyo, uhai wa kitabu hauko katika kurasa za hekalu. Alipokuwa akitoka Assisi alizuiwa na askari wenye silaha. Walimshuku kuwa mfanya magendo, kwani hawakuweza kuamini kwamba mgeni mwema angepita mji ule asizuru kanisa la mtakatifu wao. Kabla ya hapo, huko Malcesine kando ya ziwa Garda, alikuwa ameketi akichora mnara wa ngome iliyobomoka. Watu wakamzunguka, mmoja akaichana karatasi yake, nao wakamdhania kuwa mpelelezi wa mfalme wa Austria. Goethe akajitetea kwa kuusifu uzuri wa gofu lile. Wenyeji, waliokuwa wameupa mnara mgongo, wakageuza shingo wautazame, wapate kujua mgeni ameona nini ndani ya kitu walichokizoea tangu utotoni. Mtu mmoja aliyepata kufanya kazi Frankfurt, mji aliozaliwa Goethe, ndiye aliyemponya.

Katika kurasa hizo mji umemtazama mtazamaji na kumwuliza: wewe u nani, nawe unatafuta nini kwetu? Swali hilo ndilo linaloipa habari ya Malcesine nguvu, wala huwezi kuihamishia mji mwingine. Lakini Goethe alijibu swali hilo kwa werevu, akaenda zake. Alilala usiku mmoja au miwili, kisha farasi wakafungwa tena. Hakukaa mpaka ajue ni nani aliyekuwa na njaa.

Kitabu cha pili ni cha mtu asiyepewa ruhusa ya kuondoka. Carlo Levi alizaliwa Turin mwaka 1902, akasomea utabibu, kisha akawa mchoraji. Kwa kuipinga serikali ya Mussolini alihamishwa kwa nguvu mwaka 1935, akapelekwa kusini katika nchi ya Lucania, na hatimaye akawekwa Aliano, kijiji kilicho juu ya magenge ya udongo. Aliachiliwa mwaka 1936. Kitabu chake, *Kristo Alikomea Eboli*, alikiandika akiwa mafichoni Florence katika miaka ya 1943 na 1944, nacho kikatolewa mwaka 1945.

Levi alikuwa Mwitaliano katika Italia, lakini alikuwa mgeni kama sisi tungalivyokuwa. Tofauti yake na Goethe ni kwamba wenyeji walimhitaji. Waliposikia kuwa amesomea utabibu walimletea wagonjwa wa malaria, na wakuu wakamkataza kuwatibu. Aliingia nyumbani mwao, akaona picha mbili ukutani: moja ya Bikira Maria wa Viggiano, ya pili ya Rais Roosevelt wa Marekani. Alijua kodi ya mbuzi iliyotozwa kutoka Roma, ambayo maskini waliikwepa kwa kuwachinja wanyama waliowapa maziwa. Hakuna mpitaji wa siku moja awezaye kuandika habari ya kodi ya mbuzi.

Lakini kitabu hiki nacho kina ila. Mara kwa mara Levi husema kwamba wakulima wale wako nje ya historia, kana kwamba saa ya dunia haikupata kulia kwao. Ushahidi wake mwenyewe unamkana. Watu waliokwenda kufanya kazi New York na kurudi, wanaotozwa kodi na kupelekwa vitani, wamo ndani ya historia mpaka shingoni. Kilichokosekana ni haki yao katika historia hiyo. Sisi tuliozaliwa katika nchi zilizoandikwa sana na wapitaji twaijua lugha hiyo. Mara ngapi Lamu imesifiwa kwa kulala usingizi, na wakazi wake wako macho wakitafuta riziki?

Kwa hiyo yafaa mwanafunzi ajihadhari na sifa inayoufanya mji kuwa pambo. Siku hizi iko Civita di Bagnoregio, mji mdogo juu ya kilima kinachomomonyoka, wenye wakazi wachache mno, ambao tangu mwaka 2013 mgeni hutozwa kiingilio kabla ya kuvuka daraja lake. Uko pia mji wa Matera. Watu wake waliokaa katika nyumba za mapangoni walihamishwa kwa sheria ya mwaka 1952 kwa sababu ya umaskini na maradhi. Leo baadhi ya mapango hayo ni hoteli. Atakayeandika kwamba Matera ni mzuri asitaje kuhama huko, ameandika nusu ya habari.

Hukumu yangu ni kwamba Goethe amshinda Levi kwa wepesi wa jicho, na Levi amshinda Goethe kwa deni alilolikubali kwa watu aliowaandika. Alipokufa mwaka 1975 alizikwa Aliano, mahali alipopelekwa kwa nguvu. Mwanafunzi hawezi kungoja ahamishwe na serikali ndipo ajifunze kukaa. Lakini badala ya miji sita kwa mwezi mmoja aweza kuurudia mmoja mara sita, hata mwoka mkate amtambue. Na aandikapo nyumbani, aeleze alichoulizwa na wenyeji, na jibu alilowapa.