Chemirocha Imerudi, Vidole Je?

Mwaka 1993, kuanzia Super Street Fighter II, kampuni ya Capcom ilianza kutoa michezo yake ya video ya mapigano kwenye bodi ya CPS-2. Programu ilifichwa kwa msimbo, na ufunguo wake ukategemea betri ndogo. Betri ikifa, mchezo nao unakufa. Waundaji wa MAME, programu aliyoianzisha Nicola Salmoria mwaka 1997, hawakuridhika na kunakili data. Waliiga utendaji wa mashine nzima, chipu kwa chipu, ili mtu ashike vitufe na kucheza. Kuchezeka tena ndicho kipimo ninachotaka kukitumia kwa kazi iliyofanyika Kapkatet, kwenye nchi ya chai ya Kericho.

Mtafiti wa muziki Hugh Tracey alirekodi nyimbo za Wakipsigis huko mwaka 1950, zikiwemo za Chemirocha, zinazomtaja mwimbaji wa Marekani Jimmie Rodgers. Rekodi hizo zikahifadhiwa ILAM, maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka 1954, ambayo leo iko Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Miaka kama 65 baada ya kurekodiwa, ILAM na Ketebul Music ya Nairobi walizirudisha nakala za kidijitali kwa wenyewe. Ni kazi ya heshima kubwa, kwani wenye wimbo ndio waliokuwa mbali zaidi na nakala yake.

Yupo atakayesema kwamba wimbo si programu: faili la sauti linajitosheleza, unabonyeza unasikia. Kwa msikilizaji ni kweli. Lakini kijana wa Bomet anayetaka kupiga chepkong, kinubi cha Wakipsigis, hasikii humo ni kidole gani kinachozuia uzi upi, wala nyuzi zilikazwaje. Tracey mwenyewe alilijua pengo hili, ndiyo maana alikuwa na desturi ya kupima sauti za ala kwa vyuma vya kulinganishia na kuviandika vipimo. Hapo alikuwa anahifadhi mashine, si sauti tu.

Wengine watauliza gharama. Sioni kubwa: walimu wanaoandaa wanafunzi kwa tamasha la muziki la shule wana simu zenye kamera. Mzee anayejua kupiga chepkong asikilizishwe rekodi ya 1950, akaze nyuzi mpaka zilingane nayo, kisha mikono yake ipigwe video kwa karibu, polepole, wimbo mmoja baada ya mwingine. Video hizo zikae pamoja na rekodi, huko ILAM na Kapkatet pia.