Chubwi, Tapwi, Tifu

Mzee mmoja wa Kalundu, hapa Uvira kando ya Ziwa Tanganyika, mvuvi wa ndagala aliyekwisha kustaafu, hasemi kwamba kitu kilianguka. Kikiangukia majini ni chubwi, matopeni ni tapwi, mchangani ni tifu, na juu ya ardhi ngumu ni pu. Anayemsikiliza hana haja ya kuuliza kilianguka wapi. Kiswahili chake kina harufu ya Kigoma, alikovua ujanani. Katika shule za Kenya na Tanzania maneno haya huitwa tanakali za sauti, na watoto huyakariri kwa ajili ya mtihani. Yeye aliyapata gizani, ndani ya mtumbwi, ambako sikio ndilo lililomwambia kama kilichodondoka ni samaki au ni mwenzake.

Sisi wengine tumebakiwa na bip. Neno hili la Waingereza lilizaliwa na honi na mashine, Wafaransa wakalipokea, simu ikatuletea. Mtu akikubipu, huenda amefika salama, huenda hana salio, huenda anadai pesa yake, huenda amekukumbuka tu. Mlio mmoja, maana ubuni mwenyewe. Nakubali kwamba ni werevu wa watu wasio na kitu. Lakini mzee anafanya kinyume chake: kila jambo analipatia mlio wake, na mlio huo haukopeshwi kwa jambo jingine.

Nilimsikia akisimulia ya Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika. Hakutaja idadi ya nyumba. Alianza na mvua juu ya mabati, ta, ta, tatata, akaishusha mpaka ikawa ya nyuma kabisa. Kisha, kwa sauti ya tumboni, gudu… gudu… mbali, mawe yakiteremka kutoka milimani. Akalisogeza lile gudu polepole, nyumba kwa nyumba, hadi mama aliyekuwa akianika ndagala kando yetu akasimamisha mikono. Halafu: jii. Akanyamaza kupita kiasi kinachovumilika. Hapo ndipo ufundi wake ulipo, naamini. Kuiga ngurumo hata mtoto anaweza, ila kujua mahali pa kuikata! Nimesoma taarifa za mafuriko yale, zenye makumi ya waliokufa na maelfu ya waliokosa makazi. Hakuna iliyonifanya nigeuke kuutazama mlima.

Ziwa lenyewe limepungukiwa na milio. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walifika Uvira mwaka 1858 kwa mitumbwi, kwa nguvu ya makasia. Injini zilipokuja, lugha ilikuwa bado inasikiliza: ikaita pikipiki, ikaita tukutuku. Karabai za kuvutia ndagala zilikuwa na shiii yao usiku kucha. Taa za leo za betri ni bubu. Na tangu vita vya Oktoba 1996, wengi hapa walilazimika kujifunza kutambua silaha kwa mlio wake, elimu ambayo hakuna mzazi aliyeiomba.

Mjukuu wa mzee ana video za mafuriko kwenye simu. Huzionyesha bila sauti, kwa kuwa spika imeharibika. Nilipomuuliza ilikuwaje siku ile, alitafakari kidogo kwa heshima.

«Maji ilikuja,» alisema. «Mingi.»

Kisha simu ikabipu, akainuka.