Mzigo wa Kwanza Hauondoki

Tarehe 2 Mei 1952 ndege aina ya Comet, namba G-ALYP, iliondoka London kwenda Johannesburg. Ilikuwa safari ya kwanza duniani ya jeti iliyobeba abiria waliolipa nauli. Njiani ilitua Entebbe, ng'ambo ya ziwa letu, Victoria, ukitazama kutoka Mwanza. Tarehe 10 Januari 1954 ndege hiyohiyo ilipasuka angani karibu na kisiwa cha Elba, Italia, na watu wote 35 wakafa. Miezi mitatu baadaye Comet nyingine ikaanguka karibu na Naples.

Watengenezaji, kampuni ya de Havilland, walikuwa wamefanya jaribio la uchovu wa metali, yaani kudhoofika kwake kwa kupokea mzigo tena na tena. Walichukua kipande cha kiwiliwili, wakakipandishia shinikizo na kulishusha tena na tena, nacho kikastahimili takriban mizunguko 18,000. Kila safari ni mzunguko mmoja, na G-ALYP ilipopotea ilikuwa haijafikisha safari 1,300. Pengo kubwa kiasi hicho lilitoka wapi?

Wanasayansi wa kituo cha utafiti wa ndege cha Farnborough, Uingereza, wakiongozwa na Arnold Hall, walichukua Comet nzima iliyokwisha kutumika, G-ALYU, wakakizamisha kiwiliwili chake ndani ya tangi la maji, mabawa yakitokeza nje. Maji hayabanwi kama hewa, kwa hiyo kiwiliwili kikichanika hakilipuki, na mahali ufa ulipoanzia panaonekana. Pampu zilipandisha shinikizo hadi kiwango cha kazi, huku jeki za haidroliki zikiyapinda mabawa kuiga misukosuko ya upepo. Dakika chache zilihesabiwa safari nzima. Kila baada ya safari 1,000 hivi waliongeza shinikizo theluthi moja juu ya kawaida. Zikijumlishwa safari za angani na za tangini, zilikuwa 3,057 ukuta ulipochanika, kuanzia kona ya dirisha la dharura.

Kumbe kile kipande cha de Havilland kilikuwa kimepimwa nguvu kwanza, kwa shinikizo mara mbili ya lile la kazi. Bati la alumini kwenye kona za madirisha likavutika kidogo lisirudi, na shinikizo lilipoondolewa, sehemu zinazolizunguka zikalibana. Tangu hapo kila mvuto ulilazimika kuushinda mgandamizo huo kwanza. Ndege za abiria hazikuwahi kupewa mzigo mkubwa namna hiyo, kwa hiyo hazikuwa na kinga hiyo.

Jambo hilohilo limo ndani ya springi zinazofungwa kwenye gereji za hapa Mwanza. Kiwanda makini hulipinda jani la springi kupita kiasi kabla ya kuliuza, makusudi, ili upande utakaovutwa upate mgandamizo. Fundi akilipasha jani lililolala hadi liwe jekundu ili alikunje upya, mgandamizo unafutika, na ugumu wa chuma unapotea pamoja nao. Litazame linapokatika: sehemu moja ni laini, imefifia, ina mistari kama ile ambayo mawimbi huiacha mchangani. Hapo ufa ulitambaa polepole. Sehemu nyingine ina chengachenga zinazong'aa. Hiyo ilikatika kwa mkupuo.

Hesabu inayotumika zaidi kukadiria uchovu huu, ya Palmgren (1924) na Miner (1945), huchukulia kwamba kila mzigo hula sehemu yake ya uhai wa chuma, na jumla ikifika moja, kimekwisha. Ni hesabu nyepesi na ya manufaa, lakini haijali mzigo upi ulitangulia, na Comet inaonyesha kuwa hilo ni kosa la hatari. Mwaka 1939 Ernst Gassner wa Ujerumani alikuwa tayari ameanza kupanga mizigo midogo na mikubwa kwa zamu katika jaribio moja. Siku hizi mashine zinaweza kurudia mfululizo uliorekodiwa kwenye gari lenyewe likiwa barabarani.

Rekodi ya namna hiyo ndiyo tunayoihitaji. Lori linalovuka Daraja la J.P. Magufuli kutoka Sengerema likiwa tupu, likarudi limejaa kupita uwezo na kuingia njia ya makorongo, lina mfululizo wake. Wahandisi na vyuo vya Kanda ya Ziwa, fungeni vipimo vya mkazo kwenye ekseli na springi za malori haya, mrekodi hata mwezi mmoja. Nawe mwenye gari, ukiambiwa springi imejaribiwa, uliza: kwa mizigo ipi, na kwa mpangilio gani?