Damu Inayoandika: Sanamu za Tshibumba Kanda Matulu

Wasomaji wetu wanakumbuka fundisho la Papa Gregori Mkubwa. Karibu mwaka wa 600 Askofu Serenus wa Marseille alivunja sanamu za kanisani, akiogopa watu wasije wakaziabudu. Papa alimsifu kwa kukataza ibada ya sanamu, lakini akamkemea kwa kuzivunja. Maana asiyejua kusoma hupata katika sanamu yale ambayo msomaji huyapata kitabuni. Tangu siku zile tumezoea kugawanya kazi: herufi kwa wasomi, sanamu kwa wengine. Lakini katika mji wetu wa Lubumbashi alitokea fundi asiyekubali mgawanyo huo. Aliandika ndani ya sanamu zake, na moja kati ya hizo inatuuliza sisi wahubiri wa Evanjili swali lisilo jepesi. Ni vema tumtazame fundi huyo, tumpime kwa haki.

Jina lake ni Tshibumba Kanda Matulu. Alizaliwa hapa mwaka wa 1947, wakati mji ulipoitwa bado Elisabethville. Kabila lake ni Baluba wa Kasai. Hakutoka katika karakana ya Bwana Pierre Romain-Desfossés, iliyofunguliwa mwaka wa 1946, ambamo Pilipili Mulongoy na Mwenze Kibwanga walichora samaki, ndege na wawindaji kwa ufundi uliosifiwa hata ng'ambo. Yeye alikuwa mmoja wa wachoraji wa watu: alichora juu ya kitambaa cha magunia ya unga, akapita nyumba kwa nyumba kutafuta wanunuzi. Katika miaka ya 1970 wafanyakazi wengi wa mji walitundika sanamu za namna hii katika salo zao: mamba-muntu na nyoka wake, simba mkali, mto na kijiji cha wazee. Wengi walitundika pia ile iitwayo Colonie Belge: ua wa gereza, mfungwa amelazwa chini akipigwa fimbo, na bendera ya Ubelgiji juu ya wote.

Mwisho wa mwaka wa 1973 Tshibumba alikutana na Bwana Johannes Fabian, aliyekuwa akifundisha katika chuo kikuu hapa Lubumbashi. Akamweleza kwamba anataka kuchora historia nzima ya inchi. Katika muda wa miezi michache alileta sanamu zipatazo mia moja, tangu wazee wa kale, Diogo Cão na Msiri, mpaka Simon Kimbangu, uhuru na siku zijazo. Kwa kila sanamu alieleza maana yake kwa Kiswahili cha mji wetu, na maneno yake yakashikwa na mashine. Kitabu kilichotoka humo kilichapwa mwaka wa 1996. Fundi mwenyewe alikuwa ametoweka. Tangu karibu mwaka wa 1981 hakuna habari zake za hakika.

Tushike kwanza jambo la herufi. Katika miaka ya 1960 mafundi wa Irani, kama Hossein Zenderoudi aliyezaliwa Tehran mwaka wa 1937, walichukua herufi za kwao na kuzigeuza sanamu. Kundi lao likaitwa Saqqakhaneh, kwa jina la mahali pa barabarani ambapo wapita njia hupewa maji kwa kukumbuka kiu ya Husein, mjukuu wa Muhamadi, aliyeuawa Karbala. Katika kazi zao herufi zinarudiwa na kusongamana hata jicho linaona uzuri wake pasipo kutambua neno. Tshibumba alishika njia nyingine. Herufi zake zasimama wima kama za kibao cha duka, nazo zinataka kusomwa. Aliandika jina, mahali, mwaka, na sahihi yake. Ondoa maandiko ya Colonie Belge, utabaki na gereza moja na mtu mmoja mwenye taabu. Rudisha maneno yale pamoja na miaka 1885-1959, na ua ule unakuwa inchi nzima, na fimbo ile inakuwa miaka sabini na mitano. Mtazamaji aliyekuja kuona anafanywa msomaji, na asiyejua Kifaransa anamwuliza jirani. Hivyo mazungumzo yanaanza, na ndiyo aliyoyataka fundi. Alijiita mwandishi wa historia, na kwake tarehe ni sehemu ya ushuhuda.

Sasa tuje kwenye sanamu yenyewe tuliyoitaja. Inaonyesha kifo cha Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito, waliouawa tarehe 17 Januari 1961, usiku, huko Shilatembo, si mbali na mji wetu, wakati Katanga ilipokuwa imejitenga. Maiti tatu zimelala chini. Nyuma yao, mbali, misalaba mitatu imesimama. Ubavuni mwa Lumumba damu inatoka, inatiririka juu ya udongo, na inapokwenda inaandika neno moja la Kifaransa: unité, ndiyo kusema umoja. Akimweleza Bwana Fabian, mchoraji hakuficha nia yake: kwake Lumumba alikufa kama Bwana Yezu.

Tukumbuke ilikuwa miaka gani. Mwaka wa 1966 Mobutu alikuwa amemtangaza Lumumba kuwa shujaa wa taifa; mwaka wa 1972 serikali ilikataza majina ya ubatizo, na Kardinali Malula akakaa uhamishoni Roma kwa miezi kadhaa. Basi mtu aliyechora misalaba mitatu nyuma ya shujaa wa taifa katika siku zile hakufuata tu amri ya wakubwa.

Hata hivyo katekista mwenye akili atauliza: je, si kosa kumpa mwanasiasa ubavu uliotobolewa wa Mwokozi? Swali ni la haki. Eklezia haina haraka kumwita mtu mfiadini. Sista Anuarite aliuawa Isiro mwaka wa 1964, akatangazwa mwenye heri mwaka wa 1985, baada ya uchunguzi, zaidi ya miaka ishirini tangu kifo chake. Tshibumba anatoa jina hilo upesi; hata wafanyakazi wa Union Minière waliopigwa risasi Elisabethville katika mgomo wa Desemba 1941 aliwaandikia martyrs. Katika lugha ya watu neno hilo linamtaja kila aliyeuawa bila haki. Sisi tulinde maana yake kamili, bila kuwadharau wafu wale.

Lakini tusome vizuri lile neno lililoandikwa na damu, maana jibu liko humo. Damu ya Kristu ilimwagika kwa maondoleo ya dhambi. Fundi huyu angaliweza kuandika wokovu, hakuandika. Aliandika umoja, tunda la inchi hii ya chini, ambalo watu wenyewe wanadaiwa kulitafuta. Na damu inayonena kutoka udongoni, hatuikuti kwanza Golgota. Tunaikuta katika kitabu cha Mwanzo, shambani, Kaini alipomwua ndugu yake. Barua kwa Waebrania yasema kwamba damu ya Yezu inanena mema kuliko ya Abeli. Tunaona basi kwamba Tshibumba alitaka kuchora Golgota, na mkono wake ukachora pia shamba la Abeli. Misalaba iko mbali, nyuma. Damu iko karibu, mbele ya miguu yetu. Mpangilio huo ni sahihi kuliko maelezo yake mwenyewe.

Tena, Lumumba hakuwa na kaburi. Mwili wake uliharibiwa kwa asidi ili usionekane kamwe; jino moja tu lilirudishwa na Ubelgiji mwezi wa Juni 2022, likapitishwa Shilatembo kabla ya kuzikwa Kinshasa. Karibu miaka hamsini kabla ya hapo, mchoraji maskini alikuwa amempa mahali pa kulala na neno la kuandikwa juu yake.

Kasoro hazikosekani. Nyuso zake mara nyingi zinafanana. Kifaransa chake kina makosa. Na pengine maandiko yanaachiwa kazi ambayo mkono wa mchoraji ulipaswa kuifanya. Katika sanamu hii moja neno na umbo havitengani: ukiifuta damu, neno limekwisha, ukilifuta neno, damu ni bubu.

Neno lile halijazeeka. Mwaka wa 1992 na 1993 maelfu na maelfu ya watu wa Kasai walifukuzwa Katanga; walilala katika vituo vya gari la moshi vya Likasi na Kolwezi, wakifa kwa njaa na magonjwa. Waliofukuza na waliofukuzwa, wengi wao walikuwa wamebatizwa kwa maji yale yale. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba sanamu ya Tshibumba ni ya wanasiasa peke yao.

Mkusanyo ule mkubwa umewekwa Amsterdam, katika jumba la makumbusho la Tropenmuseum, liitwalo Wereldmuseum tangu mwaka wa 2023. Mtoto wa Lubumbashi hana budi kuvuka bahari ili asome historia iliyoandikwa mjini kwake. Lakini wazee walionunua tablo za wachoraji wa watu wangali wako katika parokia zetu. Padri na katekista wanaopita nyumbani mwao wawaulize waliona nini katika sanamu zile, na nani aliwasomea maandiko yake. Na Ijumaa Kuu, wanapohubiri juu ya damu ya Mwanakondoo, wasiogope kuuliza mbele ya waamini damu ya ndugu yetu imeandika nini katika udongo wa Katanga.