Songs for the Poor Man: Remmy alikuwa anamwimbia nani?

Jina la albamu ni la Kiingereza, nyimbo ni za Kiswahili. Hapo ndipo penye mjadala. Mwaka 1989 Remmy Ongala na Orchestra Super Matimila walitoa Songs for the Poor Man kupitia Real World, lebo ya Peter Gabriel, baada ya kuzunguka na WOMAD mwaka 1988. Ulaya ikawekwa kwenye rafu ya "muziki wa dunia". Huku Moshi hatuna rafu hiyo. Kwetu hili ni dansi tu.

Tuanze na magitaa, maana ndiyo uti wa mgongo. Remmy alizaliwa Kindu, Kongo, akaja Dar es Salaam 1978 kupiga na Orchestra Makassy. Rumba ya kwao imo humu, ila haina papara. Gitaa moja linauliza, jingine linajibu, besi inatembea chini yao kama mtu anayejua njia. Ukisubiri sebene lilipuke ghafla utachoka. Hapa utamu unaongezwa kijiko kwa kijiko.

"Muziki Asili Yake Wapi" ndio moyo wa albamu. Rafu inadai pasipoti: huyu Mkongo au Mtanzania? Magitaa hayajibu, yanaendelea kuchanganya. Hilo kwangu ni jibu tosha.

Kasoro ipo. Studio imesafisha mno: kila ala imekaa peke yake, kama wageni waliopangiwa viti harusini. Jasho la ukumbi limefutwa. Halafu kuna "Sauti ya Mnyonge". Asiyejua Kiswahili atacheza vizuri kabisa bila kujua kwamba anachezea kilio cha mtu.

Sisi wa huku chini ya Mlima tunaijua biashara hii. Kilimanjaro inauzwa dunia nzima kwa picha ya theluji. Mpagazi aliyebeba mahema hayumo kwenye picha. Tofauti ni kwamba Remmy alimweka mpagazi mbele, tena kwa lugha yake. Kwenye Mambo ya 1992 aliingiza nyimbo za Kiingereza, na kiukweli makali yakapungua.

Kwa hiyo wadau, tusiwaachie wageni albamu hii. Wao wana magitaa. Sisi tuna magitaa na maneno, na mnyonge anayeimbwa humo bado tunapanda naye daladala moja.